Neno "Shifta" na Heshima ya Mpiganaji

Katika Kiamhara, neno "shifta" hubeba maana mbili: mnyang'anyi, na mtu aliyeuasi utawala asioutambua. Tewodros mwenyewe aliishi kama shifta kabla ya kutawazwa mfalme wa Uhabeshi mwaka 1855. Lilipofika Kenya, neno hilo lilibakiziwa maana ya kwanza tu. Hivyo waliopigana kati ya 1963 na 1967, ili Garissa, Wajir na Mandera ziungane na Somalia, waliingia katika historia wakiwa majambazi. Na jambazi haenziwi kama mpiganaji.

Ilhali dai lao halikuwa la wachache. Tume ya Waingereza ya 1962 iliwakuta Wasomali wa huko, kwa wingi mkubwa, wakiutaka muungano huo. Na nyota ya bendera ya Somalia, yenye pembe tano, iliwatengea moja.

Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yaliyafifisha matumaini hayo. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali na mashtaka ya waliyoyatenda mkoani humo.

Je, kumuenzi aliyeshindwa ni kudai mpaka uhamishwe? Si lazima. Mjane wa askari wa serikali aweza kusema mumewe alifia vitani. Mjane wa shifta akitamka hayohayo, huonekana anamtetea jambazi, wala si kwamba anaomboleza.