Kipimo ni Amana



Ndugu zangu wanafunzi, katika Surat Ar-Rahman Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ameweka mizani, na anatukataza kuipunja. Wengi wetu tukisikia mizani tunawaza duka la sukari. Leo tuwaze hospitali.

Mgonjwa wa saratani akitibiwa kwa mionzi, kipimo chake huhesabiwa kwa Grei. Mara nyingi hupewa Grei 2 kwa siku, kwa wiki kadhaa. Kikipungua, saratani inabaki. Kikizidi, sehemu zenye afya zinaungua. Na mionzi haionekani wala hainusiki, kwa hiyo lazima pawe na shahidi.

Rangi za mimea zinaweza kuwa shahidi. Antosianini, ile rangi nyekundu iliyomo katika rosela, huharibika ikipigwa mionzi mikali, na rangi hupauka kadiri mionzi inavyozidi. Subhanallah! Lakini ushahidi huo una mpaka. Rangi za namna hii hufaa zaidi kwa vipimo vikubwa, kama Grei 25,000 zinazotumika kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali. Grei 2 za mgonjwa zinahitaji chombo chepesi zaidi kuhisi.

Ua halishuhudii zaidi ya uwezo wake. Sisi je? Kwetu Kimaka, mgonjwa akitoka kwa daktari huja kumuuliza pia anayesoma dini. Tukisikia kuwa mmea unapima mionzi, kisha tukamwambia kuwa mmea unaponya saratani, tumepunja mizani, na anayelipa ni yeye. Mtume (s.a.w.) alihimiza kutafuta dawa, na akaonya kuwa anayejitia utabibu bila elimu hubeba dhamana ya madhara yake.

Tukumbuke mwaka 2016, mashine ya mionzi ya Mulago, ya pekee nchini, ilipoharibika. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katika muda huo wapo waliofuata tiba hadi Nairobi, na wapo waliokosa nauli. Tiba iliyotafutwa kwa shida hivyo, tusimwachishe mtu kwa neno ambalo hatukulipima.

Basi akija mgonjwa, tumwombee dua, tumsindikize hospitali, na tusilolijua tuseme: Allahu a'lam.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na azinyooshe ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.