Nani Bwana: Mtu au Sahani?

Siku hizi wako wengi, hasa vijana wa mijini, wasiokula kwa kuwa wana njaa, wala kuacha kwa kuwa wameshiba. Hula kwa hesabu. Asubuhi hujipima uzito, mchana huukimbia ugali kana kwamba ni sumu, usiku hujilaumu kwa kipande cha mkate. Yafaa tujiulize: je, huko ndiko kuwa na kiasi?

Mwezi Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitoa kwa hiari wachunguzwe, ili wataalamu wajue namna ya kuwasaidia watu walioteswa na njaa ya vita. Mwaka uliofuata walipunguziwa chakula kwa majuma 24. Walikonda, jambo lisilo la ajabu. La ajabu lilikuwa mioyoni mwao. Waliwaza chakula mchana kutwa, waliramba sahani, wengine walisoma vitabu vya mapishi, ambavyo zamani hawakuvijali. Na baada ya kuruhusiwa kula tena, wapo waliokula sana wasione kushiba.

Watu hao hawakuwa walafi. Kunyimwa ndiko kulikowatia utumwani. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba ulafi si wingi wa chakula tu. Hata kutaka kitengenezwe kwa uangalifu uliozidi ni namna mojawapo. Basi twathubutu kusema (na hili ni letu, si lake) kwamba ahesabuye kila tonge ni jirani wa mlafi: fikira za wote wawili zimo sahanini.

Hatumsemi mgonjwa wa kisukari, ambaye hana budi kumsikiliza daktari wake; wala afungaye, maana mfungo una mwanzo na mwisho. Twamsema mzima aliyeacha kulisikiliza tumbo lake. Mtoto mchanga hulisikiliza: ashibapo huliachia ziwa, wala hakuna aliyemfundisha. Sisi watu wazima twaweza kujifunza upya, polepole, kwa kula saa zilizo za kawaida, pamoja na wenzetu, bila kukiita chakula chochote adui.

Wala si jambo la mtu peke yake. Mama amepika wali na maharagwe tangu alasiri. Binti aliyekuja likizo asogeza sahani kando: “Nimeshiba, mama.” Hajala kitu tangu asubuhi, na mama ajua. Haulizi neno. Aifunika sahani kwa kawa, aiweka karibu na jiko isipoe.