Atatubu Aje Kuwa "Toxic"?

Masomo: 2 Wafalme 4:38–41, Tito 3:10

Siku hizi kila mtu ako na "toxic" wake. Bosi ni toxic, mama mkwe ni toxic, rafiki wa juzi pia. Vijana huniambia, "Pastor, nimeamua kukata watu toxic." Nikiuliza huyo mtu amefanya nini, mara nyingi jibu linakosekana. Neno limeshamaliza kesi.

Neno hilo lina asili ya Kigiriki. *Toxon* ni upinde, na sumu ya kupaka mishale ikapata jina hapo. Wakamba na Wagiriama wanaelewa; wazee wao walichemsha sumu ya mti wakapaka mishale ya kuwinda. Mshale hauzaliwi na sumu. Kuna mkono ulioipaka.

Kwa kuwa nilisomea biashara, niongeze hili. Mwaka wa 2008 mabenki ya Marekani yalikwama na mali zilizotokana na mikopo ya nyumba, zikaitwa toxic. Wanunuzi walizikimbia, maana hakuna aliyejua thamani yake. Miaka michache baadaye sehemu yake iliuzwa kwa faida. Jina lilikuwa limeficha thamani.

Sasa tumwangalie Elisha. Wana wa manabii walipolia kwamba mna mauti chunguni, hakuwaambia wanadanganya. Hakuwalazimisha kula hivyo hivyo. Lakini pia hakuvunja chungu. Aliitisha unga.

Sisemi ukae mahali unapigwa. Anayepigwa atoke leo, aende polisi, na kanisa limsindikize. Huyo hahitaji kungoja. Lakini mengi tunayoyaita toxic si ya kiwango hicho. Hata kwa mtu anayeleta mafarakano, Paulo anamwagiza Tito amwonye mara ya kwanza na ya pili, ndipo amwepuke. Na huwezi kuonya bila kutaja kosa. "Ulinitukana mbele ya watoto" ni kosa; mtu anaweza kulitubu na kuacha. Lakini mtu atatubu aje kuwa "toxic"? Umemhukumu kwa vile alivyo, ukamfungia mlango ambao Yesu ameuacha wazi.

Wiki hii, kabla hujamwita mtu hivyo, andika kwa karatasi alichokifanya. Ukipata cha kuandika, mwendee umwambie hicho. Ukikosa, mpigie simu umsalimie.