Samaki Mgeni katika Nyumba ya Kioo

Aliyetangulia kufika mahali, je, ana haki gani juu ya yule ajaye nyuma? Swali hili ni la zamani, na wazee wetu walilijibu kwa mithali mbili zisizopatana sana. Mmoja alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone", mwingine akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Leo twataka kulitazama swali hilo mahali ambapo pengine msomaji hakutazamia, yaani ndani ya tangi la kioo ambamo watu hufuga samaki wa Ziwa Nyasa.

Wasomaji wa Mbamba Bay na Liuli wawajua samaki wadogo wa majabalini, ambao katika nchi ya Malawi huitwa mbuna. Ni wa ukoo mmoja na perege na sato, lakini hawakui sana. Wengi wana urefu wa sentimita 8 hadi 15, wengine buluu wenye milia myeusi, wengine manjano kama ndimu iliyoiva. Chakula chao kikubwa ni mwani uotao juu ya mawe. Dume hushika pango lake katikati ya mawe, na hapo hula, hulinda, na kuwaita majike. Jike huyachukua mayai kinywani mwake kwa muda wa majuma matatu hivi, mpaka watoto waweze kuogelea. Dume mwingine akiingia hufukuzwa mara moja. Lakini angalieni neno hili: hufukuzwa hata mpakani tu. Aliyeshindwa huenda kwenye jabali jingine, mwenye pango hurudi kwake, na ugomvi umekwisha.

Tangu miaka ya 1960 samaki hao wamesafirishwa kwenda Ulaya na Marekani, na siku hizi wengi huzaliwa huko huko katika matangi, ila tabia ya jabalini hawajaiacha. Katika tangi la lita 300 kila tundu la mawe lina mwenyewe. Basi mfugaji hununua samaki mpya, akamtia humo akaenda zake. Mgeni hufukuzwa, naye hana jabali jingine la kukimbilia. Akimbiapo kote ni kwa mtu. Hujibanza pembeni karibu na uso wa maji, mapezi yakiwa yametatuka, hali chakula, na baada ya siku chache hufa.

Watu husema kwamba samaki yule mwenyeji ni mkatili. Sisi hatukubali. Atendalo tangini ndilo alilolitenda ziwani, na kule halikumwua mtu. Kilichozidi ni kioo. Aliyeweka ukuta pande zote nne ndiye aliyeugeuza ugomvi mdogo ukawa mauti, na kwake yeye tutauliza habari za damu.

Wafugaji wema wajua hayo, nao hufanya kazi kabla ya mgeni kuingia. Afikapo, mfuko wa maji aliomo huachwa uelee robo saa juu ya maji ya chombo cha peke yake, ili joto lilingane. Humo hukaa majuma mawili au zaidi, asije akawaletea wenyeji ugonjwa, maana wenyeji nao wana haki. Siku ya kuingia, wenyeji hulishwa kwanza, taa huzimwa, kisha mawe yote huondolewa na kupangwa upya. Hilo la mawe ndilo kubwa. Kila mwenyeji hupotewa na mpaka wake, huanza kutafuta pango, na mgeni hutafuta pamoja nao. Kwa saa chache hakuna mwenyeji wala mgeni.

Mtu atauliza: je, ni haki kumwondoa mwenye pango kwa ajili ya huyu aliyefika leo? Mawe yale yaliwekwa na mfugaji. Samaki aliyapata kwa kutangulia tu, wala kutangulia hakukuchagua yeye. Kama angenyimwa yote ingekuwa dhuluma. Lakini apata tundu jingine. Yeye apoteza saa chache za raha, na mgeni angepoteza uhai. Sisi walimu twalijua jambo la namna hii. Mtoto ahamiaye shuleni katikati ya mwaka, akiwekwa benchi la mwisho na wengine wakae walipozoea, hubaki mgeni hata mwaka uishe.

Wako watumiao hila nyingine: hutia samaki wengi kuliko kawaida, ili mwenye nguvu asipate kumwandama mmoja tu. Hila hii yafaa, ingawa yadai kichujio chenye nguvu na maji kubadilishwa mara nyingi, maana uchafu wa samaki hugeuka sumu. Lakini ugomvi haukomi, hugawanywa tu. Twaitaja bila kuisifu.

Tena iko siku ambapo wema ni kukataa. Dume mwenye rangi ile ile ya dume aliyemo huandamwa kuliko wote, kwa kuwa aonekana mshindani. Tangi likiwa dogo, hakuna mpango wa mawe utakaomwokoa. Amwachaye dukani amemtendea mema kuliko yule amnunuaye kwa kumpenda.

Na jembe la siku ya tatu? Hilo twaliona katika Ziwa Tanganyika, kwa samaki wa ukoo huu ambaye wataalamu humwita Neolamprologus pulcher. Hao hukaa kwa jamaa: dume na jike wakubwa, pamoja na wasaidizi, ambao wengine si watoto wao. Wasaidizi husafisha mayai, huyalinda, na kuchimba mchanga uliojaa chini ya mawe. Asiyefanya kazi hupigwa. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walieleza kwamba samaki hao hutambuana kwa alama za usoni, nao humwangalia mgeni kwa muda mrefu kuliko jirani waliyemzoea.

Mfugaji atajuaje kwamba mgeni wake amekaa? Haitazami rangi siku ya kwanza, kwa kuwa hofu huififisha. Hungoja siku kadha wa kadha: mapezi yamekunjuka, ala pamoja na wengine, tundu analo. Kisha huja ishara ambayo wafugaji wote huifurahia, nayo ni kwamba samaki mdogo akipita mbele ya tundu lile, hufukuzwa.