Uvimbe Umerudi: Je, Nimfiche Mwenzangu?

Tuseme wewe ni mke wa mvuvi hapo Malindi. Miaka 12 iliyopita ulikatwa uvimbe pajani. Madaktari waliuita sakoma, yaani saratani ya nyama laini za mwili, kama vile misuli na mafuta. Ni ugonjwa wa nadra. Kati ya watu wazima 100 wenye saratani, ni kama mmoja tu aliye nao. Ulipona, mkashukuru, na nyumbani jambo hilo halikutajwa tena. Leo, ukiwa unaoga, mkono wako umegusa kitu kigumu palepale penye kovu. Je, umwambie mumeo?

Wengi hujibu, "La, nisimtie hofu. Pengine si kitu." Jibu hilo lina upendo ndani yake, wala hatulidharau. Lakini tulipime. Sakoma ikirudi, mara nyingi hurudi katika miaka 2 au 3 ya kwanza. Hata hivyo, aina nyingine hungoja miaka 10 na zaidi, kisha hujitokeza mahali palepale au katika mapafu. Wala kutouma si dalili ya usalama. Ukigunduliwa mapema, uvimbe huweza kuondolewa, ukifichwa, hukua.

Basi anayeficha hamwepushi mwenzake na huzuni. Anaiahirisha tu, tena anamwamulia bila kumwuliza. Mumeo aliahidi kuwa nawe katika afya na katika ugonjwa. Utamnyimaje nafasi ya kuitimiza ahadi yake? Siku atakapogundua, atalia mara mbili: kwa sababu ya ugonjwa, na kwa sababu hukumwamini.

Hatusemi ukatangaze kisimani. Mwili ni wako. Majirani, hata mawifi, wanaweza kungoja. Mwenzako asingoje.

Nawe mume unayeambiwa, usilaumu wala usianze kutafuta mchawi. Tafuteni karatasi za upasuaji ule wa zamani, mwende pamoja hospitali ya Malindi au Kilifi, na ikibidi hadi Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Ombeni uvimbe upigwe picha na kipande chake kipimwe kabla haujakatwa. Huenda ikawa ni kovu tu. Hata hivyo safari hiyo haitakuwa ya bure, kwani mtakuwa mmejifunza tena kuambiana.