Kimesema Hicho, au Umesema Wewe?

Bibi aliniuliza swali hilo akiwa amesimama kwenye shamba aliloliandaa kwa ajili ya karanga, jembe begani, macho yakiwa kwenye kifaa nilichokishika. Nilicheka kidogo, kile kicheko cha adabu tunachokitoa vijana tukiulizwa kitu na mtu mzima ambaye tunadhani hajaelewa. Kisha nikasema, "Kimesema hiki, Bibi. Mimi nasoma tu."

Miaka kadhaa imepita, na jibu lile bado linanisumbua. Hapa najaribu kulijibu upya.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, nikapata kibarua cha miezi michache kwenye timu iliyosaidia vijiji vya mkoa wa Dodoma kupima mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka kijiji kikubaliane mipaka na majirani zake ili kipate cheti cha ardhi ya kijiji. Baada ya hapo, mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake. Kwa watu wengi ambao maisha yao yote yako kwenye ekari tatu au nne, karatasi hiyo si jambo dogo. Kazi yenyewe hufanywa kwa miguu: wazee wa pande zote mbili wanatembea kwenye mpaka, wanaonyesha, na mtu mmoja anachukua alama kwa GPS ya mkononi. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilijifunza kukitumia kifaa kwa siku mbili. Kilikuwa na ukubwa wa simu za zamani za vitufe, kinatumia betri mbili ndogo, na kioo chake kilisomeka vizuri hata kwenye jua kali la Dodoma. Kaka aliyetuongoza alinieleza kwamba juu yetu, kiasi cha kilomita 20,200, zinazunguka setilaiti zinazotuma saa muda wote. Kifaa kinapima ishara imechukua muda gani kufika, na kutoka hapo kinajua umbali. Kinahitaji setilaiti nne: tatu za kukuweka mahali, na ya nne kusahihisha saa yake chenyewe, kwa kuwa saa ya kifaa cha bei ndogo haiaminiki. Hadi Mei 2000, Marekani ilikuwa ikiichafua kwa makusudi ishara waliyopewa raia, hivyo mtu angeweza kukosea hata kwa mita mia moja. Walipoacha, kosa likashuka hadi mita chache, na kifaa kikafaa hata kwa kazi kama yetu.

Mengine nilijifunza kwa kutembea. Ukikiwasha, usikimbilie, kiache kitulie. Usisimame chini ya mbuyu wala ndani ya korongo, maana kinahitaji kuona anga. Mshale wa kukuelekeza, kwenye kifaa kama kile kisicho na dira ndani yake, hauna maana ukiwa umesimama. Hakijui umeelekea wapi mpaka uanze kutembea. Tena mshale haujui miiba. Unakuonyesha njia iliyonyooka, na kwenye vichaka vya Dodoma njia iliyonyooka ndiyo itakayokuchania suruali.

Nilichokipenda zaidi ni namba ndogo iliyokaa pembeni ya kioo. Siku nzuri ilisomeka mita 4. Kaka alinifafanulia: kifaa kinasema nadhani upo hapa, lakini naweza kukosea kwa kiasi cha mita nne. Nilifikiri, wangapi kati yetu tunazungumza hivyo? Ila nilipoanza kunakili namba kwenye daftari, sikuwahi kuinakili ile ya kukosea. Niliandika mahali tu.

Kuna mtego mmoja wa Dodoma nilioonywa mapema. Ukitoka mjini kwa barabara ya Morogoro, mahali fulani kabla ya Mbande unavuka longitudo ya 36. Ardhini huoni kitu: mibuyu ni ileile, udongo ni uleule mwekundu, mbuzi wanavuka bila kujali. Lakini kwenye mfumo wa gridi unaotumiwa na wapima ramani, hapo ndipo kanda ya 36 inapoishia na ya 37 inapoanza. Namba ya mashariki, iliyokuwa imepanda hadi zaidi ya 830,000, inashuka ghafla chini ya 170,000. Umepiga hatua moja, lakini ukisahau kuangalia kanda, kwa hesabu za daftari lako umerudi nyuma zaidi ya kilomita 600. Nilikuwa makini sana na mtego huo. Nilijivunia kwamba sikuwahi kuunasa.

Nilinaswa na mwingine.

Muhtasari wa vijiji viwili ulisema mpaka wao unafuata korongo hadi linapokutana na korongo la pili. Ili tusipoteze muda, nilisoma makutano hayo kwenye ramani ya zamani ya karatasi, nikaingiza namba kwenye kifaa, nikaufuata mshale. Nilichosahau ni hiki: ramani zetu nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, na kifaa changu kilikuwa kimewekwa kwenye WGS84. Dunia si mviringo kamili, na kila mfumo unaikadiria kwa umbo lake na kuanza kuhesabu kutoka pake. Kwa hiyo mahali pamoja panakuwa na namba mbili tofauti, na kwa upande wetu wa dunia tofauti hiyo inafika takriban mita 300. Ni mpangilio mmoja tu kwenye menyu. Sikuubadilisha.

Mshale ukatupeleka kaskazini mno, tukayapita makutano yenyewe, tukaishia upande wa juu wa shamba la Bibi. Kioo kilisoma mita 4. Korongo halikuwepo.

Hapo ndipo elimu yangu ilipofanya kazi mbaya. Badala ya kujiuliza kwa nini hakuna korongo, nilitafuta sababu. Nikawaambia wazee kwamba ramani ni ya miaka mingi, makorongo ya Dodoma huhama kwa mmomonyoko, pengine zamani lilipita hapa. Kila neno katika hayo ni kweli, makorongo huhama. Bibi akasema, "Korongo lipo kule chini, kwenye mbuyu. Tangu nimeolewa halijahama." Kisha ndipo akauliza swali lake, nami nikatoa jibu langu.

Mwenyekiti wa kitongoji alikisogelea kioo, akatikisa kichwa kukubali. Wajumbe wa kijiji cha pili walinyamaza, na sikuwalaumu, maana ardhi ilikuwa inaongezeka upande wao. Tukapigilia kijiti. Kwa kijiti kile, shamba lote la Bibi likawa limehamia kijiji kisicho chake.

Hakubishana tena. Wakati tunaondoka alisema, bila hasira, kama mtu anayekumbuka mvua za mwaka fulani, "Mwaka ule wa operesheni walikuja na karatasi. Leo mmekuja na redio." Nilijua operesheni ipi. Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishiwa watu kwenye vijiji vya ujamaa kwa kampeni, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Niliisomea chuoni, nikaandika insha, nikapata alama nzuri. Haikunijia kwamba ninayezungumza naye aliwahi kusimama mbele ya kijana mwingine aliyeshika kitu ambacho hakibishiwi.

Kosa nililigundua mjini, nilipoweka alama zetu zote juu ya ramani. Kona ya shule, ambayo niliichukua nikiwa nimeegemea ukuta wake, ilianguka mita 300 hivi kusini ya shule. Nilihisi tumbo limekuwa baridi. Nilimweleza kaka, hakunigombeza. Alisema tu turudi haraka. Haraka yetu, kwa habari za usafiri na ratiba za watu, ilikuwa siku kumi na mbili tangu tulipopigilia kijiti.

Katikati ya siku hizo, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha.

Asiyelijua eneo la kati ataona ni habari njema tu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili hivi, na wastani wa mwaka haufiki milimita 600. Mvua ya kwanza haisubiri mtu. Tulipofika, karanga za majirani zilikuwa zimeanza kutoboa udongo. Shamba la Bibi lilikuwa limelimwa, safi, tupu. "Nilisubiri," alisema. "Mlisema ni la wenzetu wa kule. Nisingepanda kwenye shamba la watu."

Nilimwambia, "Bibi, nilisema mimi. Si hiki."

"Nilijua," akanijibu. "Hicho hakina mdomo."

Swali linalonikaa tangu siku hiyo linaonekana rahisi: namba na mtu wakipingana, nimwamini nani kwanza? Jibu jepesi, ambalo wengi wetu tungependa kulisikia, ni kwamba wazee wanajua na mashine hazijui. Silikubali. Katika kazi hiyohiyo niliona mzee anayeheshimika akionyesha uzio wa minyara kama mpaka wa zamani, na majirani wakanong'ona kwamba uzio ule ulisogezwa baada ya mdogo wake kufariki, ukaingia kwenye sehemu ya mjane. Kumbukumbu nayo inaweza kuwa na maslahi. Kwa mjane kama yule, alama zilizoandikwa mapema ni kinga. Zingekuwepo, shemeji asingekuwa na la kusema. Siwezi kukidharau kifaa kinachoweza kumlinda asiye na sauti.

Jibu jingine jepesi ni kwamba lilikuwa kosa la ufundi: badilisha mpangilio, endelea na safari. Hilo nalo silikubali. Mpangilio ulieleza kwa nini mshale ulikwenda kaskazini. Haukueleza kwa nini mimi, nikiwa nimesimama mahali pasipo na korongo, nilichagua kulihamisha korongo badala ya kukishuku kifaa. Wala kifaa hakikudanganya. Kiliulizwa zilipo namba fulani, kikajibu kwa usahihi wa mita nne. Swali ndilo lilikuwa baya, na swali lilikuwa langu. Usahihi wa jibu ulinifanya nisahau kwamba niliwahi kuuliza.

Mwendo wa saa chache kutoka pale ni Kongwa, ambako Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Walikuwa na matrekta, wataalamu na hesabu za tani. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikutii mpango, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Hupenda kutajwa kama kichekesho cha wakoloni. Nami niliwahi kuucheka, kabla sijasimama kwenye shamba la karanga nikimweleza mwenyeji wa hapo kwamba korongo lake limehama.

Nilipofikia ni hapa. Katika ubishi wa namna hii, nadhani tunauliza swali la pili kabla ya lile la kwanza. Kabla ya kuuliza nani anajua zaidi, tuulize nani atalipa tukikosea. Mimi nilikosea mita 300 na mshahara wangu ukaingia kama kawaida. Bibi hakukosea kitu, akapoteza wiki ya kwanza ya mvua. Anayeweza kubeba hasara ndiye anayestahili kupewa nafasi ya kwanza ya kushuku, na shaka yake ichunguzwe kabla kijiti hakijapigiliwa, hata kama hana namba ya kuitetea. Si kwa sababu lazima awe sahihi. Ni kwa sababu mwenye kifaa hupewa heshima ambayo hajaifanyia kazi, na njia ya haki ya kuitumia heshima hiyo ni kumfungulia mwenzako mlango wa kukubishia. Dakika ishirini tu zingetosha kushuka naye hadi kwenye mbuyu. Tulikuwa nazo.

Siku ile tulishuka. Makorongo mawili yalikuwa yakikutana palepale aliposema, hatua chache kutoka kwenye mbuyu. Wajumbe wa kijiji cha pili waliitwa, wakaona, wakakubali. Nikasogea kutoka kwenye kivuli cha mbuyu, nikasubiri kifaa kitulie, nikachukua alama. Bibi akasimama pembeni yangu, akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea namba.

"Na mbuyu uandike," akasema.

Fomu haikuwa na nafasi ya mbuyu. Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo: makutano ya makorongo mawili, mashariki kidogo ya mbuyu mkubwa, kwa maelezo ya mwenye shamba na mashahidi wa pande zote. Chini yake nikaandika na ile namba ambayo sikuwa nikiinakili: kosa, mita 4. Nikamsomea tena yote, tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua jembe lake, akaenda kupanda.