Ile Bahari Ilikuwa Shilingi Ngapi?

Kuna swali ambalo marafiki wa chuo hulikwepa usiku mzima mpaka bili ifike mezani: nani analipia nini? Siku hizi jibu tunalo mfukoni. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kisingizio cha "sina chenji" kimekufa. Mmoja anatoa simu, anagawanya jumla kwa idadi ya watu, kisha anaandika kwenye grupu la WhatsApp: kila mtu atume yake. Sawa kwa sawa. Nani atalalamika?

Lakini je, kugawana sawa ndiyo haki?

Nauliza kwa sababu ya usiku mmoja Mnarani. Muhula ulikuwa umeisha, na sisi watano wa Pwani University tukavuka daraja la Kilifi kwa miguu, lile lililofunguliwa 1991 likaistaafisha feri. Ng'ambo ya pili ndiyo Mnarani, penye mibuyu mikubwa na magofu ya misikiti ya kale yanayotazama mkono wa bahari. Tukaagiza mishikaki na viazi karai. Wengine wakanywa soda, wengine mnazi. Mmoja wetu hakuagiza kitu. Alisema ameshiba. Yeyote aliyewahi kungoja pesa za HELB ziingie anajua maana ya "nimeshiba" ya aina hiyo.

Mwenzetu mwingine akamwagizia sahani bila kuuliza, akalipa bili yote. Yule rafiki alikula, lakini akanyamaza kabisa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Walisema pia mkono mtupu haulambwi. Methali ya kwanza tunaipenda kwa sababu inamsifu mtoaji. Ya pili inasema kile anachokihisi aliyekaa mezani na mfuko mtupu.

Tulipomaliza kula, huyo aliyekuwa kimya akasema, "Twendeni ufukweni, niwaonyeshe kitu." Yeye ni mtoto wa Mnarani, na mjomba wake ni mvuvi. Akapiga simu, tukapewa mtumbwi. Mwezi haukuwepo. Alipozamisha kasia, maji yakawaka rangi ya buluu. Ni viumbe vidogo mno vya baharini, hutoa mwanga maji yakitikiswa. Wawili wetu waliotoka bara hawakuwahi kuona kitu kama hicho, wakawa wanachota maji kwa viganja na kupiga kelele kama watoto. Na yule wa "nimeshiba" akawa mtu mwingine. Alicheka, akatufokea tusisimame. "Humu mimi ndiye nahodha, bana! Kaeni chini!"

Asubuhi yake hesabu ikafika kwenye grupu: kila mtu shilingi 380. Mmoja akajibu, "Na ile bahari ilikuwa shilingi ngapi?" Mjadala ukawaka.

Aliyetuma hesabu alikuwa na hoja, tusimdharau. Alisema yule aliyelipa si benki. Kila tukitoka ni yeyeyule, na pesa zake pia zina kazi. Rafiki asiyechoka kulipiwa anaitwa kupe, na sote tunamjua mmoja. Kwa hivyo hesabu ina maana yake: inamlinda mkarimu asinyonywe.

Hata hivyo, hesabu ina mpaka. Aristotle aligawa urafiki katika aina tatu: wa faida, wa raha, na wa wema. Akasema manung'uniko hutokea zaidi katika ule wa faida, kwa kuwa kila mmoja anapima alichotoa na alichopata. Naye Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba zawadi huja na wajibu mara tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Sisi vijana tumeng'ang'ania wa kwanza na wa mwisho. Nani katoa, nani hajarudisha. Wa katikati tumeusahau.

Kupokea ni kazi ngumu kwa pande zote mbili. Asiye na pesa anatakiwa apokee sahani bila kujiona mdogo. Lakini mwenye pesa naye ana wajibu wa kupokea: akubali kuongozwa, kufundishwa, kukaribishwa kwa watu, kufokewa akae chini mtumbwini. Asipokubali, ukarimu wake unageuka kiti cha juu, na rafiki yake anageuka mteja wake. Usawa ninaouona mimi si kila mtu kutoa kiasi kilekile. Ni kila mtu kupata nafasi ya kutoa.

Sisemi kwamba mtumbwi ulilipa mishikaki. Tukisema hivyo tumerudi kwenye kikokotoo, tumebadilisha sarafu tu. Bahari haikuwa malipo, na ndiyo maana swali la bei yake lilituchekesha na kutuuma kwa pamoja.

Mwishowe tulioweza tulituma zetu, na aliyelipa akasema jina la tano liondolewe kwenye orodha. Mimi naona alifanya vyema, ila kusamehe 380 ndiyo sehemu rahisi. Mtihani uko kwenye matembezi mengine, wakati huyo wa tano atakaposema, "Leo tupite kwetu, mama amepika mbaazi." Mwenye pesa ataenda akae mkekani na kula, au atasema ameshiba?